Kinyozi wa Wodi Asiyenyoa Mpaka Mgonjwa Aseme

Saa mbili na robo asubuhi, kinyozi anasukuma kigari chake katikati ya vitanda vya wodi ya upasuaji ya wanaume. Gurudumu moja limegoma kuzunguka, linaburuzwa tu sakafuni. Wagonjwa humsikia kabla hawajamwona, na wale walio kwenye orodha ya siku hiyo huanza kujivutia shuka.

Juu ya kigari kuna beseni la maji ya moto, kipande cha sabuni, brashi iliyolika upande mmoja, taulo tatu na pakiti ya nyembe mpya. Kila mgonjwa na wembe wake. Ukishatumika unatupwa ndani ya kopo la bati lenye mfuniko.

Wodi nzima inamwita Povu. Jina hilo alipewa na mgonjwa mmoja aliyelalamika kwamba alipakwa sabuni mpaka akadhani anafuliwa. Ana miaka hamsini na miwili, mrefu, mwembamba, na mikono yake haitetemeki. Kwa miaka kumi na tisa kazi yake imekuwa hiyo moja: kunyoa mahali ambapo daktari atapasua.

Anasimama kwenye kitanda cha tatu. Amelala hapo mpagazi wa sokoni mwenye ngiri.

"Nikunyoe wapi?" Povu anauliza.

"Kwani hujui? Si umeandikiwa kwenye karatasi hiyo?"

"Najua. Nataka kukusikia wewe."

"Huku chini, bwana. Usinitangazie wodi nzima."

Wa vitanda vya jirani wanacheka. Povu anaitazama karatasi, anaitikia kwa kichwa, anavuta pazia.

"Na ndevu je?" mpagazi anauliza akiwa ndani ya pazia.

"Ndevu lete barua ya daktari."

Swali lile halikuwa mzaha. Povu hagusi mwili wa mtu kabla mtu mwenyewe hajataja kwa kinywa chake anapasuliwa wapi. Maneno yakilingana na karatasi, ananyoa. Yasipolingana, anakunja taulo, anamwita muuguzi, anahamia kitanda kingine. Haelezi chochote. Hamwambii mgonjwa kilichoandikwa.

"Siri ya faili si yangu," anasema. "Mimi sisemi. Mimi sinyoi tu."

Ana daftari dogo analoliweka mfukoni mwa shati. Kwa mujibu wa daftari hilo, katika miaka minne tangu aanze kuuliza, wagonjwa thelathini na mmoja walitoa jibu lisilolingana na karatasi. Kwa wanne kati yao, karatasi ndiyo iliyokosea: goti la kulia limeandikwa la kushoto, na mambo ya namna hiyo.

Kwa ishirini na saba waliobaki, karatasi haikukosea. Hao walikuwa watu wazima, wenye akili zao timamu, waliolala wakisubiri kuondolewa kiungo ambacho hakuna aliyewaambia kwamba kitaondolewa.

Ishirini na saba, katika wodi moja yenye vitanda ishirini na vinne. Hawakuwa mateka wa vita. Ni baba za watu na kaka za watu, wameletwa na jamaa zao wenyewe, wamebebewa chai ya moto kwenye chupa, wamefunikwa shuka safi, na wote waliosimama kukizunguka kitanda walijua isipokuwa aliyelala juu yake.

Povu hakuanza na swali hilo. Zamani alikuwa na kiti na kioo chake kando ya barabara, akinyoa vichwa, mpaka hospitali ilipotangaza nafasi ya mhudumu. Kwa miaka kumi na mitano alinyoa alichoandikiwa, akafunga mdomo.

"Nilisema mimi kazi yangu ni nywele. Nywele hazina dhambi," anasema.

Kisha akalazwa fundi cherehani.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na mitatu, mwenye kisukari na kidonda kwenye kidole cha mguu wa kulia. Mcheshi. Hakuna muuguzi aliyepita mbele yake asiambiwe gauni lake limekosewa wapi. Wanawe walimwambia anakwenda kusafishwa kidonda. Karatasi ya Povu ilisema lingine: mguu wa kulia, unyolewe kupita goti, mpaka nusu ya paja.

Mtoto mkubwa wa mzee alimkamata Povu mkono kwenye korido.

"Akanambia, 'Mjomba, baba hajui. Ana presha. Ukimwambia akafa, damu yake iko juu yako.' Mtoto wa watu analia. Nikamwambia, mwanangu, mimi ni nani hata niseme."

Povu akaingia, akaanza kupaka sabuni pajani.

"Mzee akaniuliza, 'Fundi mwenzangu, kidonda kiko kidoleni, mbona wewe unafyeka mpaka huku?' Nikamjibu ni utaratibu tu, mzee. Ili plasta isishike vinyweleo."

Tunazungumza kwenye benchi nje ya stoo ya mashuka. Povu amepakata taulo, analikunja, analikunjua, analikunja tena.

"Akacheka. Akasema, 'Basi ninyoe vizuri, usije ukaniaibisha kwa mke wangu.' Nikamnyoa vizuri. Sijawahi kunyoa vizuri kama siku ile."

Kesho yake adhuhuri, Povu alikuwa kwenye kitanda cha jirani mzee alipozindukana sawasawa. Aliuona mkono wa mzee ukishuka chini ya shuka kwenda kukuna. Mtu aliyekatwa mguu huendelea kuusikia ukimwasha kana kwamba upo. Mkono ukashuka, ukafika, ukakosa cha kukuna. Ukapapasa godoro. Ukarudi juu mpaka pajani ukaanza safari upya, polepole, kama mtu atafutaye ufunguo ulioanguka.

Mzee hakupiga kelele. Alifunua shuka, akatazama, akafunika. Kisha akasema, "Mwiteni yule kinyozi." Kinyozi alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake, wembe mkononi.

"Hakumwita daktari," Povu anasema. "Hakumwita mwanawe, na mwanawe alikuwa pale mlangoni. Aliniita mimi. Akanambia, 'Wewe ulijua. Uliponigusa, ulijua.'"

Mzee aliuliza jambo moja tu: mguu wake umepelekwa wapi. Povu alilijua jibu. Viungo vinavyokatwa hutiwa kwenye ndoo yenye mfuniko, vikapelekwa kwenye tanuri nyuma ya jengo la kufulia, vikachomwa pamoja na bandeji za siku hiyo. Mguu wa fundi cherehani ulikuwa umeshakuwa jivu tangu jana yake saa kumi, hata kabla mwenyewe hajajua kwamba hana mguu.

"Nikamwambia ukweli. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwambia ukweli. Akasema, 'Nina suti ya bwana harusi mezani, imebaki mkono mmoja na vifungo. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mngenambia, ningeimaliza kwanza. Kisha ningekuja mwenyewe nikawapa huo mguu.'"

Mzee yu hai. Alirudi kwake kwa magongo, na kwa mwaka mzima hakusema neno na mtoto wake mkubwa.

Asubuhi iliyofuata siku ile mzee alipozinduka, Povu alisimama mbele ya kitanda cha kwanza kwenye orodha, karatasi mkononi, akashindwa kuanza. Mgonjwa akamuuliza, "Vipi, fundi?" Naye akamuuliza mgonjwa: nikunyoe wapi?

Tangu siku hiyo hajaacha kuuliza, na wala si kila mtu anamshukuru. Mwaka jana alipewa barua ya onyo kwa kosa la kuchelewesha orodha ya upasuaji. Anaikumbuka sentensi moja: kazi ya mhudumu ni kuandaa ngozi ya mgonjwa, si kumhoji.

Gazeti hili lilikuwa wodini Jumanne moja alipofika kitanda cha tisa. Yaliyotokea tunayaandika kwa ruhusa ya mgonjwa na mke wake, ambao waliomba majina yao yasitajwe.

Kitandani alikuwa mwashi wa miaka thelathini na minne, kifua kipana, mdomo mwepesi. Mkono wake wa kushoto, chini kidogo ya kiwiko, ulikuwa na uvimbe wa ukubwa wa yai. Wiki nne kabla, madaktari walikuwa wamekata kinyama kidogo hapo kwenda kukipima.

"Nikunyoe wapi, bwana mkubwa?"

"Hapa tu." Mwashi alionyesha uvimbe kwa kidevu. "Wanalitoa hili jipu, wanashona, wiki ijayo mimi niko juu ya jukwaa."

"Hapa tu?"

"Ulitaka wapi tena? Au unalipwa kwa unywele?"

Wodi ikacheka. Povu hakucheka. Karatasi yake ilisema: mkono wa kushoto, kuanzia kiwiko mpaka begani, pamoja na kwapa. Aliisoma mara mbili. Akakunja taulo.

"Pumzika kidogo, bwana. Namwita sista."

Mwashi akamfuata kwa macho. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda, halafu likaondoka.

"Mbona wa jirani umemnyoa?" akauliza. Povu alikuwa ameshafika mlangoni.

Nje kwenye korido walikuwa wamesimama watu wawili: mke wa mwashi, amekumbatia chupa ya chai, na kaka yake mkubwa, dereva wa lori, mtu wa miraba minne. Kaka alielewa haraka kuliko wote. Alimzibia Povu njia.

"Wewe ni kinyozi au hakimu?"

"Kinyozi."

"Basi nyoa."

"Akisema mwenyewe, nanyoa."

"Aseme nini? Mgonjwa anajua nini? Kazi yako nywele, mzee. Nywele tu. Kondoo ananyolewa kila mwaka, hakuna anayemuuliza."

"Ndiyo maana kondoo hawalazwi humu," Povu akamjibu.

Mke akaingia kati. "Shemeji, ngoja." Akamgeukia Povu, sauti ya chini. "Baba, sisi tulifanya kwa kumpenda."

Akaeleza. Baba mkwe wake, yaani baba yao hawa ndugu wawili, aliugua saratani ya koo. Daktari wa wakati ule alimwambia uso kwa uso. Mzee alitoka chumbani kwa daktari, akakataa kula siku hiyohiyo. Siku ya kumi na moja wakamzika. Kaka mkubwa ndiye aliyekuwa amemshika mkono siku anaambiwa, na hapo kaburini aliapa kwamba jambo kama hilo halitamfika mtu wake mwingine.

Kwa hiyo majibu ya kipimo yalipotoka, kaka aliyachukua yeye. Mfupa wa mkono wa mdogo wake ulikuwa na saratani, na mkono ulipaswa kukatwa juu ya kiwiko kabla ugonjwa haujapanda. Kaka akasaini fomu ya ridhaa. Mke akaapishwa kunyamaza. Mgonjwa akaambiwa ni jipu.

Mtu angependa kumkuta hapo mwovu mmoja, amnyooshee kidole, arudi nyumbani alale. Hakuwepo. Kulikuwa na mke mwenye macho mekundu na kaka aliyemzika baba yake. Na kwa mapenzi yao wote wawili, mwanamume wa miaka thelathini na minne alikuwa amebakiza saa moja na nusu kulazwa mezani akiwa na mikono miwili na kuamka na mmoja.

Sista mkuu wa wodi alifika, saa mkononi.

"Povu, chumba cha upasuaji kinakungoja wewe. Umesahau ile barua? Mara hii wanakufukuza."

"Wanifukuze saa nne, sista. Sasa hivi niitie daktari."

Daktari mpasuaji akaja na nguo zake za kijani, kofia kichwani, fomu mkononi. Hakuwa na muda wa maneno mengi.

"Ridhaa ninayo. Hii hapa, imesainiwa."

"Imesainiwa na nani, daktari?" Povu akauliza.

Daktari akaiangalia fomu. Kisha akamwangalia dereva wa lori. Mlangoni mwa wodi, futi tatu kutoka kichwani pake, kuna kanuni za hospitali ndani ya fremu ya kioo. Ya nne inasema mgonjwa mtu mzima mwenye akili timamu husaini mwenyewe. Kioo kina vumbi, lakini maandishi yanasomeka.

Baadaye, tulipomuuliza, daktari hakujitetea sana. "Nimefundishwa kuhakikisha saini ipo," alisema. "Ilikuwepo. Niliambiwa mgonjwa ana wasiwasi, nikaona ni afadhali. Nina watu sita kwa siku." Akaongeza: "Siyo mara ya kwanza. Nisikudanganye."

Siku ile aliingia ndani ya pazia la kitanda cha tisa, akaketi ukingoni mwa kitanda. Mpagazi wa kitanda cha tatu alizima redio yake. Kwa dakika ishirini wodi yote haikukohoa. Ilipenya sentensi moja tu ya mwashi, kavu, bila kilio:

"Daktari, mimi ni mtu wa mashoto."

Faili la mwashi lina kurasa kumi na nne. Limeandikwa uzito wake, kundi lake la damu, dini yake na namba ya simu ya kaka yake. Hakuna ukurasa hata mmoja ulioandikwa kwamba mkono unaokatwa ndio unaoshika mwiko, kalamu na kijiko. Daktari hakujua. Kaka alijua tangu utotoni. Mke alijua. Hakuna aliyelitaja, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa na haja ya kulitaja hakuulizwa.

Mwashi alitoka ndani ya pazia amevaa shati lake. Alimtazama mke wake tu.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Wiki tatu," akarudia. Akainua mkono wa kulia, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Wiki tatu ningekuwa nimeshamfundisha huyu."

Aliomba kwenda nyumbani. Daktari alimwambia ugonjwa haumsubiri mtu, akampa mpaka Jumatatu. Hakutia saini kitu, hakuaga. Mke alimfuata kwa mbali, chupa ya chai bado imejaa.

Kaka alibaki. Alimsogelea Povu mpaka wakapumuliana.

"Asiporudi, umemuua wewe. Kwa wembe ambao hata hukuutumia."

Siku hiyo Povu hakutania na mtu tena, na alipomaliza orodha alikaa kwenye benchi la stoo bila kuvua glavu.

Ana sababu. Kati ya wale ishirini na saba wa daftari lake, wawili waliondoka baada ya kuambiwa na hawakurudi. Mmoja alifia nyumbani ndani ya miezi mitatu. Wa pili hakuna anayejua habari zake.

"Hilo silifichi," anasema. "Watu wananiambia, wangepasuliwa bila kujua wangekuwa hai. Huenda. Sijui niliweke wapi. Yule mzee wa cherehani naye yu hai, na siku ile alinitazama kama mtu aliyeuawa. Mimi si msomi, nashindwa kuwaweka hawa wawili kwenye mizani. Ninachojua ni kwamba mwili si wangu, wala si wa kaka yake."

Jumatano ikapita. Alhamisi, Ijumaa. Povu, ambaye zamu yake huanza saa moja na nusu, alianza kufika saa kumi na mbili na nusu na kusimama getini na walinzi. Mlinzi mmoja alimtania kwamba amepata mchumba miongoni mwa wapika chai. Povu alisema ndiyo, ili aachwe.

Jumatatu, saa moja kasorobo, mwashi alitokea kwa miguu na mke wake. Kaka hakuwa nao.

Mkono wake wa kulia ulikuwa na saruji iliyokauka katikati ya vidole, na kucha ya kidole gumba imekuwa nyeusi kwa kupigwa nyundo. Kwa siku sita alikuwa akijenga ukuta wa banda la kuku nyuma ya nyumba yake, kwa kulia.

"Umepinda," alimwambia Povu hata kabla ya salamu. "Umepinda mpaka kuku wanauogopa. Lakini umesimama."

Alimweleza pia kwamba mafundi wenzake walikuja Jumamosi kuuaga mkono. "Kwa kawaida kushoto hakupewi mtu, ni utovu wa adabu. Juzi walipanga foleni."

Daktari alimletea fomu mpya. Mwashi aliisoma yote, mstari kwa mstari, midomo ikicheza. Aliuliza maana ya maneno mawili, akaelezwa. Kisha akaomba kalamu na akasaini, kwa mkono uleule wa kushoto, jina lote, bila haraka. Daktari alisimama na fomu mkononi muda mrefu kuliko ilivyohitajika kuisoma.

Povu alipofika na kigari chake, mwashi hakungoja kuulizwa. Alitaja mahali. Kunyoa kulichukua dakika kumi na mbili, na wodi haikutania.

Siku ya pili yake alizinduka kukiwa na jua. Mke wake alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Mwashi aligeuza shingo, akapatazama pale palipofungwa bandeji, akaangalia kwa muda. Halafu akaomba maji.

"Niliumia," alituambia wiki moja baadaye, kijiko kikimyumbia mkono wa kulia. "Usiku nililia, hilo nalo andika. Lakini nilikuta nilichokuwa najua nitakikuta. Sikuibiwa." Kuhusu kaka yake alisema maneno machache: "Anatuma salamu. Zinafika."

Kaka ndiye aliyepeleka malalamiko ofisini, siku ileile ya Jumanne: mhudumu amevuka mipaka ya kazi, amemtia mgonjwa hofu. Mpaka sasa hajayafuta. Povu ameitwa mbele ya kamati ya nidhamu mwishoni mwa mwezi huu. Daktari mpasuaji alimwahidi kwamba atamwandikia barua ya kumtetea. Hadi tunakwenda mitamboni, alikuwa hajaiandika.

Povu ana lake alilojiandalia. Amechukua karatasi moja ya kunyolea, ile yenye jina la mgonjwa, kitanda na sehemu ya kunyoa, akaongeza mstari mmoja chini kwa kalamu na rula. Pembeni ya mstari ameandika: *Maneno ya mgonjwa mwenyewe.* Anataka kamati iukubali mstari huo uchapwe kwenye karatasi zote, ili swali lisiwe la kinyozi mmoja mkaidi.

"Wakinifukuza bila kuukubali, narudi barabarani kwenye vichwa," anasema. "Kile kiti bado ninacho. Kamati hainitishi."

Kinachomtisha kiko nyumbani kwake. Ana mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini na minne, mwalimu wa chekechea, aliyekua akisikia habari za wodi hiyo tangu hajajua kusoma. Jumapili iliyopita, binti akiwa anaosha vyombo, Povu alimwambia: mwanangu, siku nikiugua vibaya, wakikuita pembeni wakakupa majibu, njoo uniambie mimi. Usisaini kwanza. Niambie kwanza.

"Akaendelea kuosha sahani. Nikadhani hajasikia, nikarudia. Akanambia, 'Baba, hilo siwezi kukuahidi.' Nikamwambia, we mtoto, si unaijua kazi yangu? Akasema, 'Naijua. Ndiyo maana sitaki kuwa mimi wa kukuambia.'"

Povu anainuka kwenye benchi. Ndani, sista anamwita. Kuna jina limeongezwa kwenye orodha.

"Mimi mzima, nashukuru," anasema, akijitupia taulo begani. "Muda wa kumuuliza bado ninao. Jumapili nitamuuliza tena."